Kiti cha Mhandisi: Kazi Ikihamishwa, Amana Huenda Wapi?

Lugha yetu iliipokea ndege kwa maneno ya baharini. Anayeiongoza tulimwita rubani, jina ambalo kabla ya hapo lilikuwa la mtu wa chomboni, mjuzi wa mikondo na miamba, ambaye nahodha humtegemea pale maji yanapokuwa haba na mlango wa bandari unapokuwa mwembamba. Hatukuona taabu kulipandisha neno hilo kutoka majini hadi mawinguni, kwani kazi ilikuwa ni ile ile ya kuijua njia mahali pasipo na njia. Lakini ndege kubwa za zamani zilikuwa na mtu mwengine katika chumba cha marubani ambaye lugha haikumpa jina la kudumu. Wako waliomwita injinia, wako waliomwita fundi. Mimi, niliyezoea kuhangaika na maneno kwa ajili ya kazi ya tafsiri, siridhiki na lolote kati ya hayo mawili, maana injinia humchanganya na yule anayeiunda ndege kiwandani, na fundi humchanganya na yule anayeikarabati ikiwa imesimama. Huyu alama yake ni kwamba alikihudumia chombo kikiwa kimo safarini. Basi katika makala haya nitamwita mhandisi wa angani, na msomaji mwenye jina zuri zaidi na alitumie.

Nimemleta mtu huyu mbele ya wapenzi wa mashairi kwa sababu kisa chake kimebeba suala la maadili ambalo halijapata jibu, nalo linatuhusu hata sisi tusiopanda ndege ila kwa nadra. Suala lenyewe ni hili: mtu akiwa na kazi aliyokabidhiwa, kisha ukaundwa mtambo wa kuifanya kazi hiyo vizuri kumshinda, na mtu akaondolewa, je, ile amana aliyokuwa ameibeba nayo huhamia kwenye mtambo? Au hubaki ikielea, haina mwenyewe?

Kwanza tumjue. Marubani wawili waliketi mbele, nyuso zao zikielekea kule ndege inakokwenda. Yeye aliketi nyuma yao, upande wa kulia, na kwa sehemu kubwa ya safari uso wake uliuelekea ukuta wa ubavuni. Super VC10 za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki zilizoanza kazi mwaka 1966, ambazo baadhi ya wasomaji watazikumbuka kwa injini zake nne zilizofungwa mkiani, zilikuwa naye hadi shirika lenyewe lilipovunjika mwaka 1977. Alikuwamo katika Boeing 707 na 727, katika DC-10 na TriStar, katika 747 za mwanzo, na katika Concorde hadi ilipoacha kuchukua abiria mwaka 2003.

Kabla ya safari aliizunguka ndege kwa miguu, akitazama matairi, mabomba na midomo ya injini. Akishapanda, alikaa mbele ya ubao uliojaa mita, taa na swichi, na hapo ndipo ilipokuwa milki yake. Aliyahamisha mafuta kutoka tangi hadi tangi ili chombo kisilemee upande mmoja. Aliangalia joto la kila injini, shinikizo la oili, mtikisiko, umeme, hewa ya kupumua abiria, na yale majimaji ya haidroliki ambayo bila ya nguvu yake usukani wa ndege kubwa hausogei. Abiria walimjua mhudumu aliyewaletea chai na walisikia sauti ya kapteni akiwatajia hali ya hewa. Mhandisi hawakumwona wala hawakumsikia.

Kazi hiyo ilianza kwa mikono hasa. Katika ndege za majini za Boeing 314, zilizoanza kuvuka bahari kuu mwaka 1939, mabawa yalikuwa manene kiasi cha kuwa na ujia ndani yake, na mhandisi aliweza kutambaa humo safari ikiendelea hadi akaifikia injini. Nikilifikiri jambo hilo huona kama namwona mtu akiingia ndani ya ubavu wa nyangumi aliyemo mbioni. Miongo michache baadaye, katika Concorde, mhandisi alifanya jambo la ajabu zaidi bila ya kuinuka kitini. Ndege ile ilipoivuka kasi ya sauti, pale mahali ambapo hewa inaibeba palisogea nyuma, na pua ingeinama lau uzito nao usingesogezwa. Dawa yake ilikuwa ni kuyasukuma mafuta kutoka mbele hadi tangi la mkiani, kisha kuyarudisha mbele mwendo ulipopungua. Na aliyeyasukuma ni yeye. Joto la mwendo ule liliirefusha ndege kwa sentimita kadhaa, hata ukafunguka mwanya kando ya ubao wa mhandisi, mpana wa kutosha kutia mkono. Katika safari za mwisho wako wahandisi waliozitia kofia zao za kazi ndani ya mwanya huo. Ndege ikatua, ikapoa, ikajifumba, na kofia zikabaki humo. Kuaga kwao kulikuwa ndiko huko.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na mtu angeweza kuutumia usemi huo kuwaunga mkono waliomwondoa. Lakini mhandisi hakuwa nahodha wa tatu. Hakuwa na shauri juu ya njia. Kuna kuangalia kunakouliza tunakwenda wapi, na kuna kuangalia kunakouliza hiki kinachotubeba kiko hali gani. Na haya mawili, ingawa yote huitwa kuangalia, hayakai vizuri katika jicho moja. Mwenye usukani macho yake yako kwenye pwani, kwenye nyota, kwenye wingu linalojikusanya. Yule aliyeshika upo akifua maji ngamani haoni pwani wala nyota. Anaona maji tu, yamepanda au yameshuka, na khabari yake hiyo moja huweza kulibatilisha shauri zima la nahodha.

Sheria za Marekani zilizalisha jambo linalofaa kutajwa hapa, japokuwa waliozitunga hawakulikusudia. Hadi mwaka 2007 rubani wa mashirika makubwa alikatazwa kurusha ndege akishatimiza miaka 60, lakini mhandisi hakuwekewa mpaka huo. Kwa hiyo walikuwako makapteni, watu waliokwisha kuamrisha ndege kubwa kwa miaka mingi, ambao walipofikia umri huo waliomba kuhamia kiti cha ubavuni, na wengine walikipigania hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo, iliyoamua mashauri mawili ya namna hiyo mwaka 1985. Najua mshahara ulikuwamo katika sababu zao. Hata hivyo naipenda picha ya mtu aliyekuwa akiamrisha, ambaye sasa anageuza uso kutoka dirishani na kuutazama ukuta, akiwasomea wadogo zake joto la injini.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa nautungia utenzi wa sifa ule wakati wa watu watatu. Watatu wanaweza kuangamia kama wawili, na namna walivyoangamia ndiyo inayotufundisha kuwa hesabu ya macho si jambo lenyewe.

Usiku wa tarehe 29 Disemba 1972 TriStar ya shirika la Eastern ilikuwa ikijitayarisha kutua Miami. Taa ndogo ya kuonyesha kuwa gurudumu la mbele limetoka na kujifunga haikuwaka. Wakapanda hadi futi 2,000, wakauachia mtambo uiendeshe ndege, na chumba kizima kikaikabili ile taa. Mhandisi akateremka kwa kilango cha sakafuni hadi kwenye kishimo kilicho chini ya chumba chao, alichungulie gurudumu kwa macho yake. Katika purukushani hiyo mtambo uliacha kuushikilia urefu waliouwekea, wala hawakutambua. Ndege ikaanza kuteremka polepole juu ya kinamasi cha Everglades, gizani, pasipo na taa ya nyumba hata moja ya kumwonyesha mtu kuwa ardhi inakaribia. Ilipopoteza futi 250 kengele ya tahadhari ililia. Ililia pale kwenye kituo cha mhandisi, na kiti cha mhandisi kilikuwa kitupu. Katika sauti zilizorekodiwa hakuna dalili kuwa marubani waliisikia. Kati ya watu 176 waliokuwamo, 101 walikufa. Gurudumu lilikuwa limetoka kama ipasavyo; kilichoharibika ni balbu.

Ya pili ilitokea miaka sita baadaye, tarehe 28 Disemba 1978, huko Portland, Oregon. DC-8 ya United ilikuwa na tatizo la magurudumu, na kapteni akaizungusha angani kiasi cha saa nzima ili watu watayarishwe kwa kutua kwa shida. Mhandisi aliyaona mafuta yakipungua. Alisema. Lakini alisema kama mtoa khabari, si kama mtu anayezuia jambo. Alitaja kiasi kilichobaki, akataja kuwa muda ule wanaoutaka utawafikisha pabaya, na kapteni, ambaye fikra zake zote zilikuwa katika magurudumu, hakuyapa maneno hayo uzito. Injini zikazima moja baada ya nyengine. Ndege ikaanguka kabla ya kuufikia uwanja. Watu 10 walikufa kati ya 189, na mhandisi alikuwa mmoja wao, kapteni alipona. Wachunguzi walimlaumu kapteni kwa kutoyafuatilia mafuta na kutoyajali maonyo, na waliwalaumu wenziwe pia kwa kutoufikisha wasiwasi wao kwa namna ya kufahamika. Tangu mwaka 1981 shirika hilo likaanza kuwafundisha watu wa chumbani namna ya kumkatiza mkubwa, na mashirika mengine ulimwenguni yakafuata. Sisi watu wa pwani, tunaomfundisha mtoto adabu ya kauli kabla ya kumfundisha kauli yenyewe, tungefaa kukisoma kisa hiki kwa utulivu. Adabu ya yule mhandisi ndiyo adabu tunayoisifu mabarazani. Alimpa mkubwa wake kila kitu isipokuwa mshituko aliouhitaji.

Kwa hiyo walioamua kumwondoa mtu wa tatu hawakuwa watu wasiofikiri. Mwaka 1981 Rais Reagan aliunda jopo la kuitazama kadhia hii, kwani vyama vya marubani vilikuwa vikidai wabaki watatu katika ndege mpya, na jopo likatoa hukumu kuwa wawili wanatosha. Boeing 767 iliingia kazini mwaka 1982 ikiwa na viti viwili. Shirika la Ansett la Australia, kwa shinikizo la wafanyakazi wake, lilizinunua ndege hizo hizo zikiwa na kiti cha mhandisi, jambo lililoonekana kichekesho kwa wengi, kwani ilikuwa ni kumrudishia mtu kazi ambayo ndege ilikwisha kumnyang'anya. Katika 747 za mwanzo taa, mita na swichi za chumbani zilikuwa 971. Katika 747-400 iliyoanza kazi mwaka 1989 zilishuka hadi 365. Mtambo hauchoki, hausinzii saa tisa za usiku juu ya Atlantiki, hauoni haya kumkatiza kapteni. Na ukweli ni kwamba usafiri wa ndege za abiria leo ni salama mno kuliko ulivyokuwa katika wakati wa watu watatu, ingawa sababu zake ni nyingi na kuondoka kwa mhandisi si yenye haki ya kujisifia zote. Anayemlilia mhandisi kwa mapenzi ya ukale tu hana hoja.

Lakini kuna kisa cha tatu, nacho ndicho kilichonitia katika kuandika.

Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada, aina iliyokuwa mpya kwa shirika hilo, ilitoka Montreal kupitia Ottawa kwenda Edmonton ikiwa na watu 69. Mtambo wa kuonyesha mafuta ulikuwa mbovu. Basi mafuta yakapimwa kwa kijiti, kama tunavyopima pipa la maji, na vipimo vya kijiti vikageuzwa lita. Ilibaki kuzigeuza lita kuwa kilo, kwa sababu 767 ilikuwa ndege ya kwanza ya shirika hilo kuhesabu kwa kilo. Zote za nyuma zilihesabu kwa ratili. Safari ilihitaji kilo 22,300. Ilipasa lita zizidishwe kwa 0.8 hivi. Walizizidisha kwa 1.77, namba ya ratili, ile iliyokuwamo katika mazoea ya mikono yao na katika karatasi walizokuwa nazo. Hesabu ikawaambia mafuta yanatosha, ilhali yalikuwa chini ya nusu.

Wakiwa futi 41,000 injini moja ilizima, kisha ya pili, na skrini nyingi zikazima pamoja nazo, kwa kuwa umeme wake ulitoka kwenye injini hizo hizo. Kapteni Bob Pearson alikuwa mrushaji wa glaida kwa burudani yake. Msaidizi wake Maurice Quintal aliwahi kuwapo katika kambi ya zamani ya jeshi la anga huko Gimli, Manitoba, akakumbuka kuwa pale pana njia ya kutulia. Hawakujua kuwa njia ile imekwisha kufanywa uwanja wa mashindano ya magari na kwamba siku hiyo kuna watu na watoto. Waliishusha bila ya injini, pua ikiburura chini, na hakuna aliyekufa.

Watu hupenda kukisimulia kisa hiki kwa kuusifu ustadi wa kapteni, na sifa hiyo ni haki yake. Mimi hunikamata pahala pengine. Uchunguzi wa serikali ya Kanada ulieleza kuwa katika ndege za watu watatu mwenye hesabu ya mafuta alijulikana: ni mhandisi. Katika 767 mhandisi aliondolewa, na shirika halikubainisha sawasawa kazi ile sasa ni ya nani. Ilidhaniwa kuwa kompyuta imeichukua, na kwa siku za kawaida ilikuwa imeichukua kweli. Siku kompyuta ilipougua, kazi ilirudi ikimtafuta mtu wake, ikamkosa. Ikashikwashikwa na watu kadhaa, wa chini na wa juu, wote waungwana, wote wakisaidia. Hapakuwa na mmoja ambaye ilikuwa ni yake.

Hapo ndipo naona tofauti kati ya kazi na amana. Mtu akitaka kwenda Hijja huweka vitu vyake kwa jirani. Jirani hununua kufuli madhubuti, na kufuli hulinda vizuri kuliko yeye, kwani yeye hulala na kufuli halilali. Lakini vitu vikipotea, kadhi haliiti kufuli. Na lau jirani atahama mji akaliacha kufuli mlangoni, hakuna atakayesema kuwa amana bado iko mikononi mwa mtu, hata kama kufuli halijaguswa na vitu vyote vimo ndani. Kufuli liliichukua kazi ya kulinda. Kuulizwa halikuweza kukuchukua, kwa sababu kuulizwa si kitendo ambacho hufanywa vizuri au vibaya. Ni uhusiano kati ya mtu na mtu.

Walioibuni 767 walihamisha kuona na kutenda, na wakahamisha vizuri. Walichokisahau, au tuseme walichokisahau wale waliozinunua, ni kuwa kiti kile kilikuwa na kitu cha tatu kisichoingia katika michoro. Kikaanguka sakafuni kati ya marubani na mafundi wa chini, na hapakuwa na sauti ya kuanguka kwake hadi injini zilipozima.

Itasemwa kuwa nalikuza jambo, kwamba wa kuulizwa bado wapo: shirika lipo, kiwanda kipo, mahakama zipo. Ni kweli, na mahakama zina kazi yake. Lakini hao huulizwa baadaye, wakiwa nchi kavu. Mhandisi aliulizwa pale pale, na alikuwamo ndani. Khatari iliyomkabili abiria wa kiti cha mwisho ilimkabili na yeye. Mafuta aliyoyahesabu ndiyo yaliyombeba. Tarehe 19 Julai 1989 DC-10 ya United ilipopasukiwa injini ya mkiani na kupoteza haidroliki yote, mhandisi Dudley Dvorak aliziona mita zake zikisoma sufuri, jambo ambalo vitabu vyao havikuliandalia jibu kwa kuwa lilihesabiwa haliwezi kutokea. Wale watatu, na rubani mwalimu Denny Fitch aliyekuwa miongoni mwa abiria akaja kuwasaidia, waliiongoza ndege kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki hadi Sioux City, Iowa. Watu 112 walikufa na 184 wakapona. Kapteni Al Haynes kila alipoitwa shujaa alirejea kuwataja wenziwe. Sitaki kukitumia kisa hicho kuthibitisha kuwa watatu ni bora kuliko wawili, maana kimoja hakithibitishi. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha amana inavyokuwa inaposhikwa na watu waliomo chomboni: hakuna aliyeuliza ni kazi ya nani, kwa kuwa kila mmoja alikwisha kuijua yake.

Linganisha na lililotupata karibu na kwetu. Ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi tarehe 10 Machi 2019 ilianguka dakika chache baada ya kuruka, wakafa watu 157, na Wakenya 32 wakiwamo. Miezi mitano nyuma yake, Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo hiyo, Boeing 737 MAX, ilianguka baharini huko Indonesia na kuua watu 189. Ndani ya ndege hizo ulikuwamo mtambo ulioweza kuinamisha pua wenyewe, ukitegemea kipimo kimoja tu cha nje. Kipimo kikidanganya, mtambo huamini. Kabla ya ajali ile ya Indonesia marubani hawakuelezwa katika vitabu vyao kuwa mtambo huo umo. Fikiri vizuri maana ya hilo. Chumbani mlikuwa na wa tatu anayetenda, mwenye nguvu ya kuvuta usukani, na wawili waliokuwamo hawakujulishwa kuwa yupo. Mhandisi wa zamani, akitaka kugusa kitu, alisema, na mwenzake alijibu. Huyu hakusema, hakujibu, na hakufa nao, kwa kuwa hakuwa hai.

Aliyeandika programu ile nadhani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mbali. Umbali nao una uzito wake katika maadili, ingawa vitabu vya sheria hupata shida kuupima. Mtu anayeamua juu ya chombo asichokipanda hufikiri tofauti na aliyekipanda, hata wakiwa na elimu sawa na nia sawa, kama vile mwenye jahazi aliyekaa dukani hufikiri tofauti na sarahangi juu ya tanga lililochakaa.

Suala hili halikuisha kwa kuondoka kwa mhandisi. Alitanguliwa na mwelekezi wa njia na mtu wa redio, kila mmoja akiondolewa na chombo chake, na sasa macho yamekielekea kiti cha rubani msaidizi. Yameletwa mapendekezo kwamba katika sehemu ya katikati ya safari ndefu, ndege ikiwa juu na imetulia, rubani mmoja akeshe peke yake na mwenziwe akapumzike. Mwaka 2025 mamlaka ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya, baada ya uchunguzi, ilitoa kauli kuwa kwa vyumba vya ndege vilivyopo leo haikuweza kuthibitishwa vya kutosha kuwa usalama utakuwa sawa na wa watu wawili. Kauli hiyo ni ya busara, lakini ni ya muda. Imefungwa kwenye vyumba vilivyopo leo, na vyumba vitabadilika. Zitaletwa skrini bora, vipimo vya kumtambua rubani aliyesinzia au kuzimia, na ndege zinazoweza kutua zenyewe, na huenda kweli mtambo ukayaweza yote hayo.

Wengi watakapoletewa ripoti ya namna hiyo watakwenda moja kwa moja kwenye kurasa za namba, na namba zina haki ya kusomwa. Mimi nitatafuta kwanza ukurasa mwengine. Nataka kujua kengele ikilia saa tisa za usiku, juu ya bahari, mmoja yuko macho na mwengine amelala, imewekwa ilie kwenye kiti cha nani.